Makala mbili, anga moja: uchambuzi wa kisa cha miaka 8 ya kublogu

Usiku wa tarehe 3 Aprili 2012 sayari ya Zuhura ilipita jirani kabisa na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, nami nikaandika makala kuhusu usiku huo kwenye blogu yangu. Tarehe 3 Aprili 2020 Zuhura ilirejea pale pale, nikaandika tena. Kisa ninachokichambua hapa ni makala hizo mbili, pamoja na karatasi moja ya daftari ambayo nusura niitupe.

Nimechagua kisa kidogo hivi kwa makusudi. Tangu nianze kublogu mwaka 2009 nimeulizwa mara nyingi: unapata faida gani? Kila nikijibu kwa ujumla nasikia maneno yangu yakielea tu hewani. Nidhamu, kujifunza, kupata marafiki. Yote ni kweli, na yote yangeweza kusemwa na mtu yeyote kuhusu jambo lolote, hata kukimbia asubuhi. Usiku ule uliojirudia unanipa kitu cha kushika mkononi.

Kwanza anga lenyewe, maana bila hilo kisa hakina uzito. Zuhura hulizunguka jua kwa siku 224.7 hivi. Ikimaliza mizunguko 13, dunia yetu nayo inakuwa imemaliza 8, na tofauti inayobaki haifiki hata siku moja. Ndiyo maana kila baada ya miaka 8, karibu tarehe zile zile, Zuhura huonekana mahali pale pale ikiwa na mng'ao ule ule. Mwanzoni mwa Aprili 2012 ilikuwa nyota ya jioni, imesimama magharibi baada ya jua kuzama, ikapita mbele ya Kilimia. Aprili 2020, vivyo hivyo. Hata mwezi haukukosa: miezi mwandamo 99 inazidi miaka 8 kwa siku moja na nusu tu, kwa hiyo usiku wa kwanza mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu kuwa mpevu, na usiku wa pili siku nne na ushei.

Mtu akitaka kujipima amebadilika kiasi gani, kikwazo ni kwamba ulimwengu nao hautulii. Nyumba imebadilika, kazi imebadilika, watu wamehama. Utajuaje kipi kimetoka kwako na kipi kimetoka nje? Hapa anga lilitulia. Nyota ni zile zile, sayari ni ile ile, mwezi karibu ule ule. Kilichobadilika kati ya makala ya kwanza na ya pili ni mwandishi.

Nyaraka tatu za usiku mmoja

Nilianza Januari 2009, mwaka ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, miaka 400 tangu Galileo alipoielekeza darubini yake angani. Nilikuwa na darubini ya macho mawili iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, na sharti moja nililojiwekea: kila Jumapili nitaandika nilichoona juma hilo, na kama sikuona kitu nitaandika kwamba sikuona kitu. Sambamba na blogu nilikuwa na daftari. Nilidhani daftari ndilo litakuwa kumbukumbu ya kweli, na blogu ni dirisha tu la kuwaonyesha wengine.

Daftari la usiku wa 3 Aprili 2012 linasema hivi, kwa ukamilifu wake: "3/4. Zuhura + Kilimia. Anga safi, mwezi mkali. Saa 2 kasoro robo."

Makala ya Jumapili iliyofuata ina maneno zaidi ya 900. Aya tatu za mwanzo ni sifa tupu: fahari, ajabu, utukufu. Inasema Zuhura "imeingia ndani ya Kilimia", jambo lisilowezekana, kwa sababu mwanga wa Zuhura ulichukua dakika chache kunifikia na wa Kilimia miaka kama 440. Kilichotokea ni moja kupita mbele ya nyingine, kama mtu anayepita mbele ya mlima. Tena inasema hili ni "tukio la mara moja maishani". Kosa hili la pili najua lilikotoka. Mwaka huo huo, tarehe 6 Juni, Zuhura ilikuwa inasubiriwa kupita mbele ya uso wa jua, na mpito wa namna hiyo kweli hautaonekana tena hadi mwaka 2117. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu mpito huo, nikayachanganya.

Halafu, katika aya ya sita, kuna mistari hii: "Binti yangu alisinzia mgongoni mwangu kabla sijamaliza kuhesabu. Ana miaka minne. Aliniuliza kama ile nyota kubwa imekuja kuzichukua zile ndogo. Nikamwambia hapana, inapita tu."

Makala ya 2020 ina maneno kama 240. Hakuna sifa hata moja ya kuushangaa ulimwengu. Kuna mchoro wa mkono, duara lenye nukta ndani yake, na Zuhura nimeichora karibu zaidi na Alcyone, nyota kuu ya kishada, kuliko ilivyokuwa mara ya kwanza. Nimeandika kwamba kwa macho matupu nilihesabu nyota nne, ya tano ikija na kupotea kwa sababu mng'ao wa Zuhura na wa mwezi uliizidi nguvu. Kwa darubini zilikuwa zaidi ya 20. Nimeandika saa niliyoanza na saa niliyomaliza. Nimeandika kwamba tochi ilishikwa na binti yangu, sasa ana miaka 12, na kwamba aliifunika kwa karatasi nyekundu bila kuambiwa.

Mtu angetarajia nizipime makala hizi mbili na kusema ya pili ni bora. Ni bora, ndiyo. Miaka 8 ya kila Jumapili ilinifundisha kwamba msomaji hanihitaji nimwambie jambo ni la ajabu; ananihitaji nimwambie nyota zilikuwa ngapi. Somo hilo sikulipata kitabuni. Lilikuja polepole, kila nilipoisoma makala ya juma lililopita na kuona nilipojaza nafasi kwa sababu sikuwa nimeangalia vizuri. Kivumishi kikubwa mara nyingi kilikuwa kimekaa mahali ambapo nilipaswa kuwa na tarakimu.

Lakini uandishi kuwa bora si thawabu kubwa ya kisa hiki. Thawabu kubwa iko katika aya ya sita ya makala ile mbovu.

Nilichokuwa nimekisahau

Machi 2020 watu wengi duniani walikuwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, nasi tulikuwa miongoni mwao. Nikijiandaa na usiku wa Aprili, nilimsimulia binti yangu jinsi nilivyoiona Zuhura na Kilimia mwaka 2012. Nilimwambia nilikuwa peke yangu nje, yeye akiwa amelala chumbani. Nilisimulia kwa uhakika kabisa. Nilikuwa na picha yake kichwani: mimi nimesimama, ukimya, mlango umefungwa nyuma yangu. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kuisimulia hivyo.

Siku mbili baadaye nikatafuta neno "Kilimia" kwenye blogu, kwa nia tu ya kukagua niliandika nini kuhusu tarehe. Nikafika aya ya sita. Nikaisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kisha nikamwita. Naye aliisoma mara mbili, kidole chake kikifuata mistari kwenye skrini kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anajifunza kusoma.

"Mama," akasema, "kumbe nilikuwepo."

Mwaka 1986, asubuhi baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi 106 wa chuo kikuu waandike walikuwa wapi na walisikiaje habari ile. Baada ya miaka miwili na nusu hivi waliwauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Watatu tu ndio waliokumbuka kila kitu sawasawa. 11 walikosea kila jambo la msingi waliloulizwa, na wengi walikuwa na uhakika wa hali ya juu. Walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mkono wao wenyewe, wapo walioendelea kushikilia kumbukumbu mpya. Nilipousoma utafiti huo miaka ya nyuma niliuona kama jambo linalowahusu watu wengine. Sasa nami nilikuwa nimeshika karatasi yangu.

Hapa ndipo uchambuzi unapotakiwa kuwa makini, maana jibu la haraka ni kusema: basi andika, utakumbuka. Daftari nalo lilikuwa maandishi. Liliandikwa usiku ule ule, mkono bado umeshika darubini, wakati makala ilikuja siku tano baadaye. Kwa kanuni yoyote ya ushahidi, daftari ndilo lilipaswa kushinda. Kwa nini halina mtoto?

Halina mtoto kwa sababu nilikuwa najiandikia mwenyewe. Mtu akijiandikia hujiachia mambo anayoyajua. Nilijua mtoto alikuwa mgongoni, nilikuwa nausikia uzito wake. Kuna haja gani ya kuandika? Nilijua tulisimama wapi, nilijua alichouliza. Yote hayo nilijikatia, nikabakiza kile nilichodhani ningekisahau, yaani tarehe na saa. Kumbe tarehe na saa ndiyo mambo ambayo leo naweza kuyapata popote, kwa kukokotoa.

Blogu haikuniruhusu kufanya hivyo. Ilikuwa na wasomaji 40 au 50 wakati huo, karibu wote sijapata kuwaona, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nje nami usiku ule. Kumwandikia mgeni kunakulazimu ueleze nani alikuwepo, nani alisema nini, kwa nini ulikatisha kuhesabu. Mistari ile kuhusu mtoto iliwekwa pale ili mtu asiyenijua aelewe kwa nini idadi ya nyota haikukamilika. Haikuwekwa kwa ajili yangu. Na baada ya miaka 8 yule mgeni asiyekuwepo, asiyejua lolote kuhusu usiku ule, alikuwa ni mimi.

Hili ndilo ninaloliamini kwa moyo wote kuhusu kublogu kwa miaka mingi, na ndilo ambalo sikuwahi kusikia mtu akinitajia nilipoanza. Unawaandikia wengine, unatoa maelezo yote kwa heshima ya mtu asiyekujua, na siku moja maelezo hayo yanakuwa yako.

Barua ya Mwalimu

Kuna upande wa pili wa makala ya 2012, nao ni lile kosa la "mara moja maishani". Juma moja baada ya kuichapisha nilipata barua pepe kutoka kwa msomaji nisiyemfahamu, mwalimu mstaafu wa hisabati. Alikuwa ameandika mistari mitatu: "Mwanangu, nimeipenda makala. Lakini una hakika ni mara moja maishani? Chukua siku za mzunguko wa Zuhura, uzidishe kwa 13."

Nilizidisha. 224.7 mara 13 ni 2,921.1. Kisha nikachukua siku za mwaka, 365.25, nikazidisha kwa 8: 2,922. Nilikaa na tarakimu hizo mbili muda mrefu sana kabla ya kuelewa alikuwa ananiambia nini. Nikamjibu: "Shikamoo Mwalimu. Ina maana itarudi 2020?" Akajibu, "Marahaba. Tukijaliwa tutaiona."

Sikulifuta kosa. Chini ya makala niliandika sahihisho lenye tarehe, nikaeleza hesabu yenyewe na nani kanisaidia, bila kutaja jina lake kwa kuwa hakutaka. Uamuzi huo mdogo ulikuwa na matokeo makubwa kuliko nilivyodhani. Kwanza, ulinipa miadi. Tangu Aprili 2012 nilijua kuna usiku fulani mwaka 2020 ninaotakiwa kuwa nje, na mtu mwingine anajua kwamba najua. Pili, ulinifundisha kutoliogopa sahihisho. Wasomaji waliona kosa limeachwa wazi na limeelezwa, wakaanza kuniletea mengine kwa upole. Mwalimu na mimi tumeandikiana tangu wakati huo. Usiku wa 3 Aprili 2020 aliniandikia neno moja: "Imefika."

Nikijiuliza kama daftari lingeweza kunipa hayo, jibu ni hapana, na sababu haina fumbo. Kosa lililo ndani ya daftari hukaa kosa. Hakuna mtu wa kuligonga bega.

Miaka iliyokuwa katikati

Ningekuwa nadanganya nikionyesha usiku wa mwanzo na wa mwisho tu. Kati yake kulikuwa na Jumapili zaidi ya 400. Mwaka 2015 niliuguliwa nyumbani, na kwa miezi minane niliandika mara mbili. Wenzangu wengi niliokuwa nikiwasoma walihamia mitandao ya kijamii na blogu zao zikanyamaza. Huduma moja niliyokuwa nikihifadhia picha ilifungwa, na makala zangu za miaka ya mwanzo zikabaki na vijisanduku vitupu mahali palipokuwa na picha. Ile ya 2012 ilipoteza picha zake zote, ambazo hata hivyo nilikuwa nimeziazima kwa ruhusa ya wengine. Maneno yalibaki. Tangu hapo huhifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski yangu, na ninamsihi kila anayeblogu afanye hivyo leo, si kesho.

Kisha kulikuwa na Julai 2018, mwezi ulipopatwa kwa dakika 103, kupatwa kamili kurefu kuliko kote katika karne hii. Makala yangu ya maelezo ilisambazwa na watu nisiowajua, wasomaji wakapanda kutoka makumi hadi maelfu, na baada ya siku kumi wakarudi makumi. Nimejaribu kwa uaminifu kutafuta kitu kilichobaki kutokana na siku hizo kumi. Nimepata msomaji mmoja, ambaye bado yupo. Huyo ninamthamini. Zile tarakimu sizikumbuki.

Kilichonishangaza zaidi ni zile Jumapili nilizoandika neno "Mawingu" na kufunga. Nilikuwa nazionea aibu. Mwaka 2019 nilizihesabu, nikakuta zimefika 97, nikazipanga kwa miezi, na ghafla nikawa na jedwali la miaka kumi linalonionyesha ni miezi gani huku niliko inafaa kupanga kutazama anga na ipi nisijisumbue. Sikuwa nimelikusudia. Mfamasia Mjerumani Heinrich Schwabe alianza mwaka 1826 kulichunguza jua kila siku lilipoonekana, akitafuta sayari aliyodhani imejificha ndani ya njia ya Utaridi, yaani karibu zaidi na jua kuliko Utaridi yenyewe. Sayari hakuipata. Lakini ilimbidi aandike madoa yote ya jua ili asiyachanganye na sayari, na baada ya miaka 17 madoa hayo yalimwonyesha kwamba huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 10, jambo ambalo wataalamu hawakuwa wameligundua. Mwaka 1857 alipewa medali ya dhahabu ya Royal Astronomical Society ya Uingereza. Jedwali langu la mawingu halifai medali yoyote, ila limeniwezesha kuielewa furaha yake: kile ulichokiandika kwa kuwa ulilazimika, ukikipa muda, kinaanza kusema.

Yanayopinga

Inawezekana baadhi ya niliyoyahesabu kama matunda ya kublogu ni matunda ya umri tu. Mtu wa miaka arobaini na kitu hutumia vivumishi vichache kuliko alivyotumia akiwa na thelathini na kitu, hata kama haandiki popote. Ufupi wa makala ya pili naweza kuugawa nusu kwa nusu bila kinyongo. Hali kadhalika, mtu mwingine angeweza kuandika daftari lenye maelezo kamili; wapo waliofanya hivyo maisha yao yote. Mimi sikuwa mmoja wao. Daftari langu linaishia Juni 2012, katikati ya ukurasa, na sikumbuki hata kuamua kuliacha. Blogu iliendelea kwa sababu Jumapili jioni kulikuwa na watu wachache, pengine watano, ambao wangeona kwamba sikuandika. Kwangu watano walitosha.

Lakini mtoto mgongoni siwezi kuupa umri. Umri ndio uliomfuta. Aliyemhifadhi ni ule uungwana wa kumweleza mgeni, uliofanywa Jumapili moja ya kawaida, katika makala yenye makosa mawili makubwa, na mtu aliyedhani sehemu muhimu ilikuwa zile aya tatu za sifa.

Zuhura itapita tena Kilimia mwanzoni mwa Aprili 2028. Kwenye blogu kuna rasimu ambayo haijachapishwa, imewekewa tarehe hiyo. Ina kichwa cha habari, duara tupu la mchoro, na mistari miwili tuliyoiandika usiku ule wa 2020 kabla ya kuingia ndani kulala. Wa kwanza ni wangu: "Hesabu nyota kwanza, andika baadaye." Wa pili ni wa binti yangu, ambaye wakati huo atakuwa na miaka 20 na huenda asiwe anaishi nami tena: "Mama, sema nani alikuwepo."